Namna ya Kuvusha Nyumba Juu ya Mashimo ya Uingereza

Karavani ni nyumba kweli. Ina jiko, vitanda, choo na kabati la sahani, vyote juu ya magurudumu mawili, na gari la familia linaikokota hadi Cornwall au Wales. Barabara nayo ina mipango yake. Maji huingia kwenye nyufa za lami, yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, yakiyeyuka yanaacha uwazi, kisha malori yanamalizia kazi. Baridi ikiisha, mashimo yamekomaa na likizo zimekaribia. Basi jiandae hivi.

1. Uliza umri wa matairi. Tairi la karavani husimama uani miezi mingi na huzeeka kabla halijawa kipara. Soma tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likifika miaka 5, anza kutafuta jipya. Likipita 7, listaafishwe bila sherehe. Pima upepo kabla ya kila safari, maana tairi legevu huacha rimu ipigwe na ukingo wa shimo.

2. Mshushe mfalme wa kabati. Sufuria la chuma halina haki ya kukaa juu. Vitu vizito viwe sakafuni, karibu na ekseli. Funga friji, makabati na mtungi wa gesi. Kitu chochote ambacho hungependa kikuangukie kichwani, kisisafiri juu ya kichwa.

3. Kila dimbwi ni shimo mpaka ulione kavu. Punguza mwendo mapema, kisha achia breki kabla gurudumu halijaingia. Usikate kona ya ghafla: karavani huanza kuyumba, na mkia ukishika usukani, dereva amekuwa abiria. Kumbuka pia kwamba karavani nyingi ni pana kuliko gari linalozivuta. Gari linaweza kupita salama na gurudumu la nyumba likazama. Kwenye barabara ya njia moja kila upande, sheria inamruhusu mwenye karavani maili 50 kwa saa. Hiyo ni dari, na penye mashimo kaa chini kabisa ya dari.

4. Kagua kabla ya chai. Ukisikia kishindo, tafuta mahali salama pa kusimama, chukua tochi, uiname. Angalia uvimbe kwenye ubavu wa tairi, rimu iliyopinda, nati za magurudumu na shokapu. Karavani nyingi za kisasa hazina springi. Mipira iliyobanwa ndani ya bomba la ekseli ndiyo inayobeba mshtuko. Gurudumu likikaa upande au likisogelea bodi kuliko mwenzake, mwite fundi. Ndani, kagua skrubu na mabomba. Kisha tazama maungio ya kuta: mpira wa kuzuia maji ukiachia, mvua itaingia polepole na kuozesha fremu ya mbao. Hasara hiyo hujitokeza miezi mingi baadaye, wakati shimo limekwishasahaulika.

5. Mtafute mwenye shimo. Shimo lina mwenyewe. Kifungu cha 41 cha Highways Act ya 1980 kinaibebesha mamlaka ya barabara wajibu wa kuitunza. Barabara kuu za England ziko chini ya National Highways. Nyingi zilizobaki ni za halmashauri. Piga picha za shimo na za uharibifu, andika mahali, saa na tarehe, tunza risiti za fundi. Usipime kina huku magari yanapita. Uhai wako una thamani kuliko fidia. Mamlaka itakimbilia kifungu cha 58, kwamba ilichukua uangalifu wa kutosha. Omba kumbukumbu za ukaguzi kwa sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2000, uone ni lini mara ya mwisho mtu alipita pale akiwa macho.

6. Ripoti hata shimo ulilolikwepa. Hii ndiyo hatua kuu. Mwaka 2022 mwanamuziki Rod Stewart alishika sepetu kufukia mashimo karibu na kwake, Harlow. Moyo wake ni mzuri, lakini kazi ile ina wenyewe, na wanalipwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: mwaka 2024 Asphalt Industry Alliance, umoja wa sekta ya lami, ilikadiria kwamba barabara za halmashauri za England na Wales zinahitaji pauni bilioni 16.3 ili kumaliza kazi zilizolimbikizwa. Huo ndio ukuta. Shimo lililoripotiwa linawanyang'anya wahusika neno wanalolipenda kuliko yote, “hatukujua”. Ripoti yako ya leo ni ushahidi wa mwenye karavani atakayepita kesho na watoto wake kwenye gari. Itume, na uombe namba ya kumbukumbu.