Mbinu Tisa za Kuagulia Viwanda vya Uganda, Kuanzia ya Mkiani

Shemeji yangu hulipwa kuona mbele. Si mganga, ingawa kazi zao zina undugu: wote wawili hutaka malipo kabla jambo halijatokea. Taasisi humwita, akaketi na wahandisi, wachumi na wenye viwanda, akawasaidia kufikiri viwanda vya Uganda vitakuwaje mwaka 2040. Jumamosi moja tulisimama Wandegeya, Kampala, tukisubiri roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai yake, nikamtaka anipangie mbinu za kazi yake kuanzia hafifu hadi bora. Akanipangia. Nikampangua. Orodha hii basi ni yangu, na lawama zake ni zangu. Yeye ameahidi kunijibu kwenye harusi au kwenye msiba, kutegemea kipi kitatangulia.

9. Kunyoosha mstari

Unachukua miaka iliyopita, unaweka rula, unachora mpaka 2040. Haihitaji hata chai ya saa nne. Dira ya Uganda 2040, iliyozinduliwa Aprili 2013, ilisema kufikia mwaka huo nchi itahitaji megawati 41,738 za umeme. Si "kama elfu arobaini hivi". Ni 41,738, hizo 38 za mwisho ndizo zinazonipa usingizi mwanana. Sasa pima: bwawa la Karuma, la megawati 600, lilianza kujengwa mwaka 2013, likazinduliwa Septemba 2024, na hata pamoja nalo nchi imevuka megawati 2,000 kidogo tu. Zilizobaki ni Karuma sitini na sita.

"Namba ile haikutoka kwenye rula," shemeji alilalamika. "Walichukua umeme ambao mtu mmoja anapaswa kutumia kwa mwaka katika nchi iliyoendelea, wakazidisha kwa idadi ya watu."

Sawa. Ni rula iliyozidishwa.

8. Jopo la hotelini

Munyonyo au Entebbe, siku tatu, vikaratasi vya rangi ukutani kama nguo za mtoto zilizoanikwa. Mwenye kiwanda hutuma msaidizi, msaidizi hutuma msaidizi wake, na huyo wa mwisho ndiye anayeamua hatima ya sekta ya chuma. Mwenyewe yuko kiwandani Namanve anabishana na fundi wa jenereta. Nikimuuliza shemeji kikao kilizaa nini, hunionyesha begi alilopewa.

7. Kuikumbuka Korea

Hotuba ya viwanda Kampala haijatimia mpaka mtu aseme kwamba miaka ya 1960 Uganda na Korea Kusini zilikuwa sawa. Ukumbi huguna kwa huzuni, kisha watu huenda kula. Sehemu inayosahaulika ni kwamba serikali ya Korea ilivipa viwanda vyake mikopo nafuu na kinga, lakini ikavidai mauzo ya nje kwa namba, na aliyeshindwa alipunguziwa uji. Sisi tumenakili uji.

6. Delphi, au kura ya wasioonana

Hii ilibuniwa Marekani katika taasisi ya RAND miaka ya 1950. Wataalamu wanaulizwa maswali kwa maandishi, kila mtu peke yake, bila jina. Majibu yanajumlishwa, wanarudishiwa waone wenzao wamesemaje, wanaulizwa tena, na aliye mbali na wenzake anaeleza kwa nini. Japani imekuwa ikiwauliza wataalamu wake kwa njia hii tangu 1971, kila baada ya miaka michache.

Kwa Kampala hii ni dawa halisi. Mkutano wetu ukiwa na mheshimiwa, yeye huzungumza kwanza, na baada yake kila mtu huanza na "kama alivyosema mheshimiwa". Hiyo si heshima, ni bima. Mfiche kila mtu jina, utasikia mhandisi wa miaka thelathini akisema kwamba mashine anayosifia mkubwa haina vipuri nchi nzima. Naishusha hadi nafasi ya sita kwa sababu moja tu: shemeji amekiri kwamba dodoso nyingi hurudi zikiwa zimejazwa na katibu muhtasi. Hata hivyo, anasema, majibu ya makatibu huwa na akili zaidi.

5. Kwenda kinyumenyume

Unaanza na unachokitaka, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka leo. Uganda ina mfano mzuri wa kujaribia: wanafunzi na walimu wa Makerere walitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011, likafuata basi la Kayoola lenye paneli za jua mwaka 2016, na sasa Kiira Motors ina kiwanda Jinja. Haya, weka mezani basi la mwaka 2040 ambalo vipuri vyake vingi vimetoka hapahapa. Mwaka 2035 rimu zake zinamiminwa na nani? Huyo mmiminaji mwaka 2030 yuko darasa gani? Mwaka 2028 nani anamnunulia mwalimu wake tanuri la kufundishia? Ukifika leo, unakuta swali si la basi tena. Ni la bajeti ya chuo cha ufundi, na hapo wageni wote wa heshima huwa wameshaondoka.

4. Pigo la ghafla

Hapa unajiuliza: ni jambo gani ambalo halimo kwenye mpango, likitokea linaufunga mpango wote? Kwa Mganda hili si zoezi la darasani. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku tisini waondoke, na inasimuliwa alidai kwamba ameoteshwa. (Ndoto nayo ni mbinu ya kuona mbele, ila shemeji ameikataa kwenye orodha.) Viwanda, maduka na mashamba ya miwa yakabadilisha mikono ndani ya miezi mitatu. Familia ya Madhvani, iliyoanzisha sukari ya Kakira mwaka 1930, ilirudi mwaka 1985 kuanza kufufua. Hakuna mstari wa takwimu za miaka ya 1960 uliokuwa na kona ile.

Pigo la pili wengi tunalikumbuka wenyewe. Machi 2020, wakati wa korona, viwanda viliambiwa vinaweza kuendelea endapo wafanyakazi watalala humohumo. Ghafla swali la uzalishaji likawa swali la magodoro. Kiwanda chenye mashine ya kisasa na vyoo viwili kiligundua kwamba uwezo wake halisi ni vyoo viwili.

3. Dalili ndogo za Kisekka

Igor Ansoff, mtaalamu wa mikakati wa Marekani, aliandika mwaka 1975 kwamba mabadiliko makubwa hutanguliwa na ishara dhaifu, na kampuni hufa kwa kungoja ishara inenepe. Ukitaka kuziona zikiwa bado nyembamba, usiende maktaba. Nenda soko la Kisekka, penye vipuri.

Nina fundi-muuzaji wangu pale. Rafu yake ilikuwa imepangwa kwa mapato: mbele plagi, kabureta, mafuta ya injini kwenye vichupa, nyuma ekzosi zikining'inia kama nyama buchani. Siku moja akaja kijana wa boda akitaka pedi za breki. Boda yake haikuwa na ekzosi. Muuzaji akaizunguka mara mbili, akainama, akagonga pale ambapo injini hukaa. Ilikuwa boda ya umeme, zile ambazo dereva hatii petroli. Anasimama kituoni, anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa. Kampuni kama Zembo zimekuwa zikizifanyia kazi Kampala tangu mwaka 2018.

"Ssebo," muuzaji alimuuliza yule kijana, "sasa wewe nitakuuzia nini?"

Nimesoma ripoti nene zisizo na swali zuri kama hilo. Naye hakuliacha hewani. Walipokuja wengine wa aina ile aliwauliza vitu vyao vinavyokufa mapema ni vipi: tairi, breki, shokapu, taa za nyuma. Nilipopita tena, tairi zilikuwa mbele na plagi zimeshuka rafu ya chini. Hakuzitupa, maana boda za petroli bado ndizo zinazomlisha. Amezishusha tu.

Shemeji anasema huo ni mfano mmoja na hauwezi kuingia kwenye ripoti. Nimemwambia ndiyo maana ripoti haziuzi plagi.

2. Hadithi kadhaa za kesho

Mbinu hii inajulikana zaidi kwa kampuni ya Shell, ambako Pierre Wack na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliandika hadithi tofauti za bei ya mafuta, nyingine mbaya, kabla ya msukosuko wa 1973. Hutabiri, unaandika kesho tatu au nne, zote za kuaminika, kisha unaujaribu mpango wako ndani ya kila moja. Afrika Kusini walifanya hivyo Mont Fleur mwaka 1991 na 1992, wakazipa kesho zao majina ya viumbe warukao na wasioruka, akiwemo mbuni aliyeficha kichwa mchangani. Kenya walikuwa na zao. Watanzania walizipa zao majina ya Kiswahili ambayo hadi leo nayaonea wivu: Amka Kumekucha, Yaliyomo Yamo, na Liwalo na Liwe. Jina la tatu peke yake ni sera kamili.

Basi nami, kwa ajili ya viwanda vya Kampala, nimeandika zangu tatu kuhusu mafuta ya Ziwa Albert. Mafuta yalithibitishwa mwaka 2006. Tangu hapo tarehe ya pipa la kwanza imetajwa 2018, ikawa 2020, ikawa 2025, ikawa 2026. Hadithi zangu zinatofautiana kwa njeo tu.

*Mafuta Yanakuja.* Tarehe inasogea kila mwaka. Waliojenga hoteli Hoima wanageuza vyumba kuwa hosteli. Kiwanda cha plastiki kilichopangwa kula malighafi ya kiwanda cha kusafisha mafuta kinaendelea kuagiza nje.

*Mafuta Yamekuja.* Bomba la kilomita 1,443 linafika Tanga, dola zinaingia, shilingi inapata nguvu. Sherehe. Kisha sufuria ya kutoka nje inakuwa rahisi kuliko ya mafundi wetu wa Katwe, kwa sababu shilingi yenye nguvu hununua vya wenzake kwa bei poa. Wachumi huiita hali hii ugonjwa wa Uholanzi, kutokana na gesi ya Waholanzi na viwanda vyao vilivyodhoofika. Kwa hadithi hii, siku njema kwa hazina inaweza kuwa siku mbaya kwa mfua sufuria.

*Mafuta Yalikuja.* Visima vinapungua, dunia imehamia kwenye betri, na mjukuu anauliza pesa zilijenga nini.

Sasa mwulize mwenye kiwanda cha sufuria: je, mkopo wako wa miaka saba unasimama katika hadithi zote tatu? Mara nyingi unasimama katika moja, ile iliyokuwa kwenye hotuba. Hapo ndipo ninapogombana na mipango yetu yote, ya serikali na ya watu binafsi. Ina tarehe nyingi mno, na ni nadra kukuta ukurasa unaosema: isipotokea, tutafanya hivi.

1. Kusahihisha mtihani wa zamani

Shemeji aliposikia nimeweka hii juu, alisema si mbinu. Hakuna anayelipwa kwayo, alisema. Basi ndiyo hiyohiyo: unachukua utabiri wa jana, unaulinganisha na kilichotokea.

Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Utabiri ulikuwa kwamba umeme ukiwepo, viwanda vitakuja vyenyewe Jinja. Vilikuja kiasi: nguo za Nytil, kiyeyushio cha shaba ya Kilembe. Lakini umeme ulizidi wateja, na mwaka 1955 ukasainiwa mkataba wa kuiuzia Kenya megawati 30 kwa miaka hamsini. Miaka sabini baada ya Malkia, Karuma ilizinduliwa, na nchi ikawa na uwezo wa umeme karibu mara mbili ya kilele cha matumizi yake, huku fundi wa kuchomelea akiendelea kukatikiwa katikati ya dirisha. Somo la 1954 lilikuwa mezani: umeme bwawani si umeme kiwandani, kati yao kuna nyaya, transfoma na bei. Angesahihisha mtu mtihani ule, zile megawati 41,738 zingeandikwa pamoja na idadi ya transfoma.

Tuna mitihani mingine imelundikana. Nchi ilipanga kuwa ya kipato cha kati kufikia 2020. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana mwaka 2016 kuondoa mitumba kufikia 2019. Nenda soko la Owino kesho asubuhi ukahesabu marobota. Na mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya Dira ya 2040, Uganda iliandika Dira ya 2025, kwa msaada wa mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuzisaidia nchi za Afrika kufikiri mbali, ikaahidi watu wenye neema, taifa lenye maelewano na nchi yenye kupendeza. Mwaka wenyewe ulipofika, mezani palikuwa na Mpango wa Maendeleo wa Nne.

Kwa hiyo msomaji, kama unayo nakala ya Dira ya 2025, pengine inazuia mlango au imewekwa chini ya mguu wa kabati, itoe. Njoo nayo Wandegeya Jumamosi alasiri, pamoja na kalamu nyekundu. Shemeji amekubali kusahihisha bure, mradi roleksi iwe ya mayai matatu.