Milimita 67

Wajapani wana haraka ya ajabu. Machi 18, 2023 walizindua reli ya kilomita 10 hivi kupitia Shin-Yokohama, ili treni za vitongoji za Sotetsu ziingie kwenye njia za Tokyu bila abiria kushuka. Kampuni mbili, reli za upana mmoja: milimita 1,067. Hakuna kugombea mlango, hakuna kujitwisha begi. Sijui wanafanya mazoezi saa ngapi.

Sisi Watanzania tumejipa uhuru zaidi. Reli ya Kati ya Mjerumani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina milimita 1,000. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ina 1,067, sawasawa na Wajapani. Reli ya kisasa, SGR, ina 1,435. Nchi moja, reli tatu, kila moja na heshima zake. Treni za mjini Dar es Salaam zilipoanza mwaka 2012, moja ilishika reli ya TAZARA, nyingine Reli ya Kati. Zikaishi mji mmoja kama wake wenza walionuniana, ugomvi wenyewe milimita 67.

Huku Gungu, Kigoma, hatulalamiki. Mkataba wa SGR ya Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na subira tunayo: reli ya Mjerumani tumeizoea zaidi ya karne. Kwa sasa, kwenda Ujiji tunaunganishwa na bodaboda, chombo kisichouliza upana wa njia, bali nauli tu. Wajapani wakitaka kuja kujifunza, wanakaribishwa sana. Ila wasiulize treni inafika saa ngapi. Hapa kwetu huo ni utovu wa adabu.