Una Barua Mbili za PhD? Kaa Kitako Kwanza

Habari ya kupata nafasi ya PhD ya kompyuta ikifika Maili Moja, Kibaha, haikai siri. Jioni hiyohiyo shangazi wameshakupeleka Marekani kwa kuwa jina la chuo wamelisikia, na mjomba wa Kisarawe anapiga simu kusema wenye hadhi ni Waingereza. Wasikilize, mdogo wangu, pokea dua zao, lakini kura usiwape. Maabarani miaka mitano utakaa wewe.

Orodha za vyuo bora nazo zifunge. MIT, Stanford, Berkeley na Carnegie Mellon vinapokezana nafasi za juu, na cha pili hakikizidi cha nne kwa lolote utakaloliona ukiwa dawatini. Uliza swali lako linajibiwa wapi. Aliyetaka kuifundisha kompyuta Kiswahili zamani, mahali pake palikuwa Helsinki: huko Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kujenga SALAMA, mfumo wa kuchambua Kiswahili. Na wewe uliyeona muhogo wa Kisarawe ukiliwa na batobato na michirizi kahawia, ukataka simu ilipige picha jani na kuutaja ugonjwa, tazama Makerere, Kampala. Watu wa maabara yao ya akili mnemba wameishughulikia kazi hiyo kwa miaka, na picha za majani wanazo. Hapo MIT haina la kukuringia.

Sasa msimamizi. Huyu achunguzwe kama mchumba: ulizia kwa waliokaa naye, hasa walioondoka. Mpigie mwanafunzi wake wa mwaka wa nne, umuulize: anasoma rasimu zako baada ya siku ngapi? Wangapi waliacha katikati? Ukiugua, anasemaje? Akinyamaza kabla ya kujibu, kisha akasema "ni mtu mwenye kazi nyingi", umeshajibiwa. Mimi ningechukua chuo cha jina dogo chenye msimamizi anayesoma rasimu, na ningelala usingizi.

Halafu fedha. Soma barua mstari kwa mstari: ada inalipwa na nani, posho ni ya miaka mingapi, bima ya afya imo, kiangazi utakula nini? "Ufadhili wa mwaka wa kwanza" maana yake ni mwaka wa kwanza tu. Wa pili ulizia kwa maandishi. Kisha pima posho kwa kodi ya chumba cha mji huo. Ukiibadilisha kuwa shilingi, utajiona tajiri bure. Uswidi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara, kwa masomo ya miaka minne. Mtoto wa Kibaha asiipite barua ya huko haraka: shule ya Kibaha yenyewe ni zao la mradi wa nchi za Nordiki, Uswidi ikiwemo, ulioanza mwaka 1963, ukakabidhiwa Tanzania mwaka 1970.

Vyuo vingi vya Marekani vinakupa hadi Aprili 15 kujibu. Usingoje siku hiyo kama moyo umeshaamua. Waandikie unaowakataa mapema, kwa heshima, mistari mitatu inatosha, maana nafasi unayoishikilia ina mtu kwenye orodha ya kusubiri, na huenda naye ametoka shule ya Minaki.