Kiporolojia: Utangulizi wa Elimu ya Kurasa Zilizolala Sevani

Mwanafunzi, zima redio, keti wima. Taaluma unayoiingia leo inahusu ukurasa wa blogu uliokwisha kupikwa, ukawekwa kando, ukamngoja mlaji mwingine. Zipo taaluma nyingine, falaki na tiba zikiwamo, nazo hatuzidharau. Ila mwanafalaki na tabibu wote wawili husoma blogu, na wote wawili huchukia kungoja.

Fasili ya 1. Kiporo ni zao la kazi ya seva, lililohifadhiwa upande wa seva, ili msomaji wa pili asingojee kilichokwisha kutendwa kwa ajili ya wa kwanza.

Fasili ya 2. Israfu-rudufu ni hali ambapo WordPress humwamsha PHP, PHP humhoji MySQL jina la blogu, menyu, makala na maoni, kisha wote watatu, wakihema, humkabidhi msomaji HTML ileile waliyompa mwenzake nukta chache zilizopita.

Fasili zikishakaa kichwani, tuainishe.

Aina ya I: Kiporo-msimbo. PHP huutafsiri msimbo kabla ya kuutekeleza. OPcache, iliyofungashwa ndani ya PHP tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013, huitunza tafsiri hiyo. Iwashe, tuendelee. Haina utata, na kisicho na utata hakimjengi msomi.

Aina ya II: Kiporo-jibu. Jibu la MySQL hukaa kwenye RAM likimsubiri atakayeuliza tena. Watunzaji wake mashuhuri ni Memcached, ambayo Brad Fitzpatrick aliiandika mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, na Redis ya Salvatore Sanfilippo, ya mwaka 2009. PHP bado huamka, ila huamkia kazi nyepesi. Sisi wenye msimamo mkali huiita nusu-kiporo, na hatuombi radhi.

Aina ya III: Kiporo-kamili. Tua kidogo kabla ya kuendelea. Hapa ukurasa mzima hulazwa ukiwa HTML iliyokamilika, na mgeni akibisha hodi PHP haiambiwi hata kwamba kuna mgeni. Mlinzi wa mlango anaweza kuwa Varnish, ambayo Poul-Henning Kamp aliiandika kwa ajili ya gazeti la Norwei, Verdens Gang, ikatolewa mwaka 2006; au Nginx yenyewe, ukiipa agizo la fastcgi_cache.

Ni Nginx iliyoipa taaluma yetu hazina yake kuu, yaani Hali Saba, ambazo huziandika katika kigeugeu chake cha upstream_cache_status. HIT: kiporo kipo, kizima, kimepakuliwa. EXPIRED: kimechacha, kimepikwa kingine. STALE: kimechacha, kimepakuliwa hivyohivyo kwa kuwa jiko limezimika. UPDATING: kimechacha, kimepakuliwa wakati kipya kingali motoni. REVALIDATED: kimechacha kwa mujibu wa saa, lakini jiko limeapa kwamba bado ni kizima.

Zimebaki mbili, nazo ndizo zinazomtenga msomi na mpita njia. Katika MISS kiporo hakikuwapo. Katika BYPASS huenda kipo, tena kinono, ila umeiagiza seva ikipite bila kukitazama. Msomaji haoni tofauti: kote kuwili amengoja, kote kuwili amepewa kipya. Mwanafunzi anayesema "basi ni kilekile" arejee Fasili ya 1 na aisome kwa sauti.

Muda wa kuchacha huuweka wewe. Wako wanaoweka saa nzima, na wako wanaoweka sekunde moja. Je, kilicholala sekunde moja kimelala? Natoa hukumu: kimelala. Wakija wasomaji 100 katika sekunde hiyo, mmoja hupikiwa na 99 hupakuliwa. Huwezi kuwaambia hao 99 kwamba walikula chakula kipya. Lakini washa pia fastcgi_cache_lock, la sivyo wote 100 wataikuta sufuria tupu kwa pamoja na kila mmoja atadai apikiwe chake. Janga hilo naliita kikumbojiko.

Sasa miiko. Aliyeingia katika akaunti yake, ambaye kuki yake huanza kwa wordpress_logged_in, asipewe kiporo, na chakula chake kisilazwe. Ukikilaza, umma mzima utauona ule utepe mweusi wa wahariri juu ya ukurasa, pamoja na jina la mhariri. Vivyo hivyo kwa aliyeacha maoni: WordPress humjazia fomu jina na baruapepe yake, na kiporo chake kingezigawa kwa kila apitaye. Kosa hili huitwa umegaji-siri, na halina mtihani wa marudio.

Mwiko mdogo zaidi ni uzidifu-anwani. Facebook hubandika fbclid mwishoni mwa kiungo, kila mara na herufi zake, hata seva ikadhani makala moja ni elfu. Iondoe kwenye ufunguo wa kache kabla diski haijajaa mapacha.

Kiini cha taaluma, hata hivyo, ni utupaji. Mhariri amesahihisha kichwa cha habari, "pilua" imekuwa "pilau", naye ametupa kiporo cha makala. Ukurasa wa mbele bado unasema "pilua". Ukurasa wa kundi la mapishi, vivyo hivyo. Kumbukumbu za mwezi na mlisho wa RSS, vivyo hivyo. Wavivu hutupa vyote, blogu nzima ikaanza upishi upya. Wasomi huchora ukoo wa kila makala na kutupa ndugu zake tu. Mimi huchora ukoo, hata kwa blogu yenye makala mbili.

Zoezi. Ongeza Hali kwenye kichwa cha majibu, kisha fungua ukurasa mmoja mara mbili bila kuingia katika akaunti. Inatarajiwa MISS, halafu HIT. Ukipata MISS zote mbili, msake mshenga wa programu-jalizi anayetuma Set-Cookie kwa kila mgeni, kwa maana Nginx hailazi jibu lenye kuki hiyo isipokuwa umeilazimisha. Mtaje kwa jina, eleza nia yake, na uandike kwa wino wa buluu.