Mwenyeji Mkarimu Kupita Kiasi

Mataifa mengine yana timu za kriketi zinazoshinda. Kenya ina timu yenye adabu, nami leo nataka kuisifu hadharani kabla wenye kubeza hawajapata nafasi. Nimeishabikia tangu ujana, nimeitetea ndani ya matatu za Kitengela hadi makanga akaniomba ninyamaze, na fadhila zake kwangu haziwezi kupita bila shukrani.

Kwanza, inanitunzia usingizi. Wikendi ikifika, baa za Kitengela hutetemeka kwa ajili ya vijana wa London na Manchester wasiojua hata Kitengela iko upande gani wa dunia. Viti huvunjika, na urafiki pia. Kriketi yetu haijawahi kuvunja hata glasi. Pili, inatunoa hesabu: hakuna anayejua kujumlisha matokeo ya Namibia, Zimbabwe na mvua kama shabiki wa Kenya anayetafuta njia ya kufuzu. Tatu, haituchoshi kwa gwaride za mabingwa barabarani. Barabara ya Namanga ina msongamano wa kutosha.

Lakini hayo ni madogo. Sifa yake kuu ni ukarimu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Timu yetu ilisoma hadi “mgeni njoo”, ikafunga kitabu.

Itazame Bangladesh. Fainali ya ICC Trophy, Kuala Lumpur, 1997: Steve Tikolo wetu alipiga mikimbio 147 peke yake. Mtu mchoyo angeondoka na kombe. Sisi tulisubiri hadi mpira wa mwisho kabisa wa mechi, ndipo tukawakabidhi ushindi. Mwaka 2000 Bangladesh ikapewa hadhi ya kucheza mechi za Test. Nasi tulikuwa tukiitaka hadhi hiyo, lakini mwenyeji hali kabla ya mgeni.

Wapo watakaonirushia mwaka 2003. Wataniambia kwamba Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Je, huo nao ni ukarimu? Nakiri ilikuwa kasoro, ila si kosa letu lote. New Zealand ilialikwa Nairobi, ikakataa kuja kwa kuhofia usalama, na pointi zikaachwa mlangoni petu. Tungezitupa? Sri Lanka ilikuja, na hapo ndipo Collins Obuya alipotuvunjia heshima: wiketi tano kwa mikimbio 24, mgeni akapigwa kwa mikimbio 53 pale Nairobi Gymkhana, mchana kweupe. Kisha Asif Karim, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa amekwisha kustaafu, akarudi na kuwang’oa Waaustralia watatu kwa mikimbio saba tu. Bahati nzuri, Australia ilishinda hata hivyo, na tulipofika Durban kukutana na India adabu ilikuwa imerejea. Tulishindwa kwa mikimbio 91.

Tangu hapo ukarimu haujakoma. Nyuma kidogo, mwaka 1996, mjini Pune, tuliwaondoa West Indies wote kwa mikimbio 93, na dunia ikashika mdomo. Deni hilo la 93 tulilipa Sharjah mwaka 2013, tulipoondolewa sote kwa mikimbio 93 ileile. Tofauti ni kwamba tuliwalipa Waafghani, ambao hawakuwa wakitudai hata senti. Wao wakatangulia Kombe la Dunia la 2015, na mwaka 2024 wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20. Katika mashindano hayohayo alikuwapo jirani yetu Uganda, ambaye tulimpisha kwenye mechi za kufuzu mjini Windhoek mwaka uliotangulia, akaenda na kuonja ushindi dhidi ya Papua New Guinea. Sisi tulimshangilia kutoka nyumbani.

Hapa Kitengela hakuna anayeshangaa. Ukarimu wa namna hii tunauishi. Tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela igawanywe mwaka 1988, Wamaasai wameuza ploti baada ya ploti, nasi tukaja na seng’enge, mawe na mabomba yasiyo na maji. Nyumbu waliozoea kutoka mbuga ya Nairobi kufuata malisho ya Kajiado siku hizi hukutana na ukuta wa jirani yangu. Na ukichunguza, mwenye ng’ombe si yeye aliyenufaika zaidi. Kati yake na mnunuzi alisimama mtu mwenye mkoba.

Basi nani alisimama kati yetu na kriketi yetu?

Hapa sifa zinanikwama kooni. Timu iliyotoka nusu fainali ya dunia ilipaswa kupewa mechi hadi ichoke. Mwaka uliofuata wachezaji walikuwa wamegoma kwa sababu ya malipo. Mwaka 2005 hatukucheza hata mechi moja rasmi ya kimataifa ya siku moja. Hata moja! Mataifa makubwa yaliyotupigia makofi Durban hayakuwa na nafasi kwenye kalenda zao. Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kupokea pesa za wacheza kamari, na ni haki. Mchezaji akikosea adhabu yake ina tarehe na idadi ya miaka. Mkuu wa chama akiua mchezo mzima, adhabu yake ni kugombea tena. Chama cha zamani kilizikwa, Cricket Kenya ikazaliwa mwaka huohuo wa 2005, na ugomvi ukarithishwa pamoja na samani. Mwaka 2014 hadhi yetu ya mechi za siku moja ikaenda.

Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza, “Mzee, hiyo kriketi si ya Wahindi?” Nilimtajia Tikolo, Odoyo, Suji, Obuya. Hakumjua hata mmoja. Alipozaliwa, viwanja vilikuwa bado ni vya klabu za Nairobi, vyenye malango na walinzi, na ndivyo vilivyo hadi leo.

Wakati huohuo, kule Kimana, kusini mwa kaunti yetu ya Kajiado, tangu 2012 morani hukutana kwa Michezo ya Kimaasai kushindana kurusha rungu kwa shabaha. Jicho lipo, mkono upo, na umbali wanaupima kwa macho. Sijasikia mkuu yeyote wa kriketi aliyepita pale na daftari. Akitokea mmoja, mkaribisheni, mchinjieni mbuzi, lakini mpekueni kwanza. Akiwa na ajenda ya mkutano, mrudisheni Nairobi. Akiwa na mpira, apite.