Mashine Yenye Jini na Kandambili Zangu

Shangazi aliporudi kutoka Marekani alimletea mke wangu mashine ya kupigia keki, bodi lote chuma, inang'aa kama sufuria ya harusi. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, wetu 230, basi nikanunua transfoma ya kushushia umeme, nzito kama jiwe la kusagia.

Plagi ya transfoma ilikuwa imevunjika. Fundi wa mtaani akaikata, akafunga ya pini mbili.

"Na huu waya wa kijani na njano?"

"Huo wa ziada, bosi. Nimeubana na nyutro, usihangaike."

Pini mbili kwenye soketi yetu ya matundu matatu huingia kwa hila inayojulikana kila nyumba: unachomeka kalamu tundu la juu, milango inafunguka. Mashine ikazunguka. Nikamlipa fundi, na soda juu.

Wiki ya Idd mke wangu akaruka. "Baba watoto, inauma!" Nikaigusa: kimya. Nikamwita mwoga. Kesho yake ikatulia, keshokutwa ikauma tena. Mama mkwe akafukiza ubani. Mimi nikaendelea kuigusa mbele yao, kifua mbele, mpaka Jumamosi moja kandambili ilipokatika mkanda nikaingia jikoni peku, sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki.

Neno nililotamka siku ile watoto bado wananiuliza maana yake.

Binti wa jirani, anayesomea umeme chuoni, alikuja na testa. Akacheka kwanza, kisha akaeleza. Pini mbili huingia upande wowote. Ukiigeuza, waya wa moto unakaa mahali pa nyutro. Mashine haijali, itazunguka tu. Ila kwa kuwa ethi yetu, ule waya wa kijani na njano, ilibanwa na nyutro, bodi zima lilikuwa na volti 230.

"Transfoma imeshusha umeme wa kupiga keki," akasema. "Wa kukuua wewe, baba, haujashushwa."

Akafunga plagi ya pini tatu: kahawia upande wa fyuzi, bluu mkabala wake, kijani na njano juu. Akatoka nje kukagua ethi. Fimbo ya shaba ilikuwepo, waya umekatika, na mbuzi wa Idd kafungwa hapo hapo.

Mbuzi tulimhamishia mwembeni. Nanyi mnaosoma, mashine kuzunguka si ushahidi kwamba imefungwa sawa. Ichomoeni hiyo kalamu kwenye soketi, mkampe mtoto akaandikie.