Barua ya Wazi kwa Kamati ya Udahili, kutoka Endulen

Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Udahili wa Shahada za Uzamili,
Chuo Kikuu Fulani, Ng'ambo.

YAH: KUFUTIWA MTIHANI KWA KOSA LA KUPOKEA SALAMU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mkiwa na ramani itafuteni Kreta, maana hiyo mnaijua, halafu shukeni kusini-magharibi mpaka picha za watalii ziishe. Nimeomba kusoma shahada ya uzamili ya akiolojia chuoni kwenu. Ninachotaka kuchunguza ni nyayo za Laetoli, zile za miaka zaidi ya milioni 3.6, ambazo ziko huku huku kwetu. Utotoni nimechunga mbuzi juu ya majivu yale ya volkano bila kujua kwamba nakanyaga mada yangu ya utafiti.

Nawaandikia hadharani kwa sababu barua pepe zangu nne zimejibiwa na mashine. Ina adabu sana, mashine yenu. Kila mara inanishukuru kwa subira yangu, nami sikumbuki kuitoa hiyo subira. Nadhani iliichukua yenyewe.

Sina ugomvi na fomu. Mtanzania amelelewa na fomu tangu kadi ya kliniki, na mkazi wa Hifadhi zaidi: hata kurudi kwao kupitia geti la Lodoare inabidi athibitishe kwamba yeye ndiye yeye, tena awahi kabla ya saa 12 jioni. Kwa hiyo kurasa zenu kumi na moja zilinikuta nimeshaiva. Niliposhindwa ni kwenye anwani ya kudumu. Kisanduku chenye kinyota chekundu, hakirukwi.

Nilikuwa najaza fomu hiyo Agosti 2024. Kama habari hazikuwafikia, tarehe 2 ya mwezi ule lilitoka Tangazo la Serikali Na. 673, likafuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa yetu, Endulen ikiwemo. Hatukuhamishwa usiku. Tuliamka palepale, ng'ombe palepale, choo palepale, isipokuwa kwenye makaratasi hapakuwa tena na palepale. Tarehe 18 watu walijaa barabarani na mashuka yao. Tarehe 22 Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo lile kwa muda. Katikati ya hayo yote kinyota chenu kilikuwa kinawaka kikinidai mahali pa kudumu. Niliandika "Endulen" nikabonyeza "endelea" haraka, nikiomba mashine isiwe na mazoea ya kusoma Gazeti la Serikali.

Wastani wangu wa chuo ni 3.6 kati ya 5. Kipimo chenu kinaishia 4. Niliandika 3.6, fomu ikaimeza kimya kimya, nami kwa siku mbili nikawa mmoja wa vichwa vikali vya bara hili, mpaka ukurasa wa viambatisho ukaniumbua.

Kisha wadhamini wawili. Wa kwanza amestaafu. Wa pili ni mhadhiri mwenye watahiniwa wengi kuliko masaa, akanijibu kama wanavyojibu wengi: andika mwenyewe, niletee nisaini. Sijui kama mmewahi kujisifu kwa maandishi mkiwa mmelelewa na bibi wa Kimaasai. Nilikaa steshenari ya Karatu mchana mzima, kijana akiskani vyeti vyangu na kufuta vumbi kwenye kioo kwa kiwiko, mimi nikitafuta namna ya kusema kwamba mimi ni hodari bila mimi kusikia. Fomu ikataka niwekwe kwenye kundi: asilimia 1 ya juu kabisa, 5, 10 au 25. Nilijiweka 10. Mhadhiri akanipandisha hadi 5, akasaini, akatuma, na mashine ikamkataa yeye, kwa sababu barua pepe anayoitumia siku zote ni ya bure wala haina jina la chuo. Mtu amefundisha miaka ishirini, akashindwa kuthibitisha kwamba yupo. Nilimkaribisha kundini.

Kwenye maelezo binafsi mliniomba maneno 500 kuhusu "kikwazo kikubwa nilichokivuka". Binamu yangu, ambaye amewahi kuongoza wageni na anawajua, alisoma rasimu yangu akanirudishia.

"Simba yuko wapi?"

Nikamwambia hakuna simba. Kuna uchache wa vitabu, kuna mwaka wa shule nilioukosa, kuna mtandao.

"Wewe ni Mmaasai, umetoka Ngorongoro, unaandika habari za mtandao? Weka simba. Hata wa mbali."

Sikuweka. Labda nilikosea, hukumu nawaachia. Lakini nikawaza kwamba mwombaji wa Manchester hatakiwi kuweka mvua.

Kuhusu lugha sitasema sana, maana nikianza sitamaliza. Nimefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, chuo kikuu nimeandika kwa Kiingereza, na nafundisha kwa Kiingereza watoto wanaonitazama kwa huruma. Hata hivyo lazima nipimwe, kwa TOEFL iliyoanza mwaka 1964 au IELTS ya mwaka 1989, na majibu yakishatoka yanadumu miaka miwili tu. Baada ya hapo Kiingereza changu kinahesabiwa kimechacha. Serikali ya Uingereza inayo orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi uthibitisho huo kwa ajili ya viza ya masomo. Jamaika imo, Malta imo. Ya Afrika haimo hata moja. Mama yangu akikoroga maziwa kwenye kibuyu anajua siku yanapogeuka, lakini huwa anayaonja kwanza.

Sasa mtihani wenyewe, ule mwingine, wa hesabu na misamiati. Jina nalihifadhi, kwani wenye nao wana mawakili, nami nina mbuzi, tena wamepungua. Ada ni zaidi ya dola 200. Kwa bei niliyopata mnadani hiyo ni mbuzi watano, na wa sita akaenda na makato ya kadi ya mtandaoni. Kitabu cha mazoezi nilitoa kopi Arusha. Kuna swali humo la mtu anayechomoa soksi gizani kutoka kwenye droo, tupate uwezekano wa yeye kupata mbili za rangi moja. Nilimsimulia mama. Mama hahesabu mifugo. Hukaa mlangoni pa zizi jioni, mbuzi wakaingia wakisukumana, kisha anakuambia yule mweupe wa sikio lililochanika hayupo. Nikamuuliza basi, kuna uwezekano gani kwamba yuko kwa jirani. Akaniambia simama ukamtafute.

Kuufanyia Dar es Salaam kungenigharimu nauli, lodji na siku nne za ruhusa ya mwalimu mkuu. Ila upo pia wa nyumbani. Nyumbani! Neno lile lilinilegeza. Nikalipia wa nyumbani, halafu ndipo nikasoma masharti.

Chumba kiwe cha mtu mmoja, na mlango uwe umefungwa. Kuwe na meza na kiti cha kawaida, kitanda hakiruhusiwi. Kamera izungushwe ionyeshe kuta zote nne, dari, na uvungu wa meza. Masikio yaonekane muda wote, na mapambo yaachwe.

Nyumba ya mama yangu ameijenga kwa mikono yake, kwa fito na mavi ya ng'ombe. Ina ukuta mmoja unaozunguka. Zile tatu nyingine ningezitoa wapi? Dari ni paa hilohilo, unaligusa ukiwa umekaa. Ndani analala ndama, ambaye si mtu, na masharti hayakumtaja, lakini hana utamaduni wa kunyamaza. Sharti la masikio pekee ndilo lililonipa matumaini. Kama kuna watu duniani waliojiandaa vizazi na vizazi kuonyesha masikio yao kwa kamera, ni sisi. Marehemu babu angepata alama zote hapo, halafu angeambiwa avue hereni.

Basi nikaazima stoo ya duka la rafiki yangu pale senta. Kuta nne za tofali, bati, mlango wa nyuma wenye komeo lililolegea. Simu nikaitundika dirishani ili ishike mtandao, kompyuta ikanywa umeme wa sola. Magunia ya unga kutoka Karatu tukayapanga nje, maana msimamizi, aliyekuwa akinitazama kutoka upande wa pili wa dunia, alishayatilia shaka. Rafiki yangu akafunga duka mbele, akasimama barabarani kuzuia watu.

Mtoto wa huku lakini, duka likifungwa mbele, huzunguka nyuma.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili za hesabu. Mlango ukasukumwa. Akaingia mtoto wa kiume, kwa kimo ni wa darasa la pili, shuka limefungwa fundo begani, noti ya elfu moja imekunjwa kiganjani hadi imekuwa kama kidonge. Hakusema neno. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu, akainamisha kichwa.

Hapa ndipo naomba mnisikilize, waheshimiwa. Mtoto wa Kimaasai humsalimu mkubwa hivyo. Huleta kichwa, akasubiri kiganja. Si ombi, wala si mchezo, na kichwa kikishaletwa hakiachwi kikining'inia. Nilitazama skrini. Pembetatu, na duara ndani yake. Nilitazama utosi. Nikaugusa. Nywele zilikuwa na vumbi la njiani. Ndipo akainuka na kusema ametumwa sukari robo.

Kisanduku kikafunguka kwenye skrini: "Kuna mtu mwingine chumbani." Nikaandika kwamba ni mtoto. Kikaandika: "Mmewasiliana." Hilo sikuweza kulikana.

Mtihani ukafungwa. Ada, kwa mujibu wa kanuni, hairudi.

Usiku ule niliwaza habari za Laetoli. Mwaka 1976 watafiti walikuwa kule wakirushiana mavi makavu ya tembo, watu wazima, na mmoja wao, Andrew Hill, alipokuwa akikwepa akaanguka, akajikuta uso kwa uso na nyayo za wanyama zilizoganda kwenye majivu. Miaka miwili baadaye zikapatikana zile za viumbe waliotembea wima kama sisi. Aliyekuwa anaongoza kazi ni Mary Leakey. Mama yule alifukuzwa shule za masista na hakuwahi kusoma chuo kikuu. Shahada zake zilikuwa za heshima, Oxford nao wakampa, nyayo zikiwa zimeshapatikana. Kwenye fomu yenu asingefika ukurasa wa pili. Kinyota kingemrudisha.

Na miaka ya 1990, Taasisi ya Getty ya Marekani ilipokuja, pamoja na idara yetu ya mambo ya kale, kuzifukua nyayo zile na kuzifukia upya zisiharibike, ilibidi nao waombe. Wazee wa hapa walikaa nao kikao, oloiboni, kiongozi wetu wa kiroho, akabariki, kondoo akachinjwa. Kondoo mmoja, timu nzima ikaingia. Hakuna aliyeulizwa Kimaasai chake kinaisha lini, wala kama kwao kuna mlango unaofungwa.

Sijakata tamaa, msije mkanifutia na ombi. Mwaka 2015 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Italia, walipata nyayo nyingine palepale Laetoli, kwa hiyo kazi bado ipo. Nimeuza mbuzi wengine. Rafiki yangu amekaza komeo. Nimekata pia rufaa, kama mashine ilivyonielekeza, na ni kuhusu fomu hiyo ya rufaa hasa nimewaandikia, kwa sababu nimeijaza sehemu moja na nisingependa mseme nilidanganya.

Inauliza uhusiano wangu na mtu aliyeingia chumbani. Inatoa ndugu, rafiki, mwajiri, mwalimu, mengineyo. Nimechagua mengineyo. Kikafunguka kisanduku kidogo cha maelezo, herufi 50, mwisho. Nimeandika: "Alikuja kununua sukari. Akanisalimu."

Wenu,
Mwombaji, Endulen.